Pengo la Shuka Moja

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Atakayekwambia anaweza, mpe shuka, kaa pembeni, umtazame anavyopigana nalo. Linataka watu wawili, kila mmoja ameshika pembe mbili. Wanalikung'uta, wanalivuta likakaza, kisha mmoja anabaki pale pale na mwenzake anamwendea mpaka vidole vikutane na pembe zihamie mikono mingine. Katika kiwanda cha kufulia kilichokuwa nyuma ya hospitali, anayebaki ndiye aliyekuwa akiimba. Anaita mstari, ananyamaza, na yule anayekuja anamjibu akifika. Hakuna aliyewafundisha. Ilikuwa namna ya kujua mwenzio ameshafika, maana katika ule mvuke hata mikono yako mwenyewe ulikuwa unaiona kwa kukisia.

Aliyekuwa akiita ni dada mtu, ambaye kwa sababu ya sauti yake walimbandika jina la Kengele tangu utotoni. Aliyekuwa akijibu ni mdogo wake wa tumbo moja, mwenye sauti nyembamba yenye mikwaruzo. Mikwaruzo ile aliitoa kwenye pumu, na pumu aliipata humo humo kiwandani.

Kila asubuhi, wanawake wakishaingia, Meneja aliufunga mlango kwa nje. Aliuvuta kuhakikisha, akautia ufunguo kwenye kamba aliyoivaa shingoni, akavuka uwanja kwenda ofisini kwake, kwenye feni. Wala hakuwa mtu mkali. Haki yake tumpe: alikuwa mpole, wa kusalimia, wa kuuliza wazazi wameamkaje. Alifunga tu. Na sababu yake kila mtu aliijua: kuna taulo lilipotea. Taulo jeupe la kuogea, la hoteli, zito. Lilipotea zamani mno, kiasi kwamba wengi wa waliofungiwa kwa ajili yake walikuwa hawajaajiriwa bado.

Pumu ikimbana, mdogo mtu alivuta dawa yake, na dawa ikimshinda alikwenda mlangoni, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo. Pale palikuwa na hewa kavu kidogo. Alivuta, akatoa, akavuta, na tundu likapiga mluzi kila alipovuta. Wenzake wakisikia ule mluzi walijua yuko hai na wakaendelea na kazi. Ndani ya kiwanda kile huo ndio uliokuwa utaratibu wa huduma ya kwanza.

Kengele alianza na njia ya watu wazima. Asubuhi moja, kabla ya kufungiwa, alikwenda ofisini, akabisha hodi, akaeleza kwamba mdogo wake ana kifua, na kwamba mlango ukirudishiwa tu bila kufungwa, mgonjwa atatoka, atakaa kwenye ngazi apate pumzi, kisha atarudi kazini. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, akasema hata yeye jambo hilo linamuuma, ila afanyeje, taulo lile ndilo lililoharibu mambo. Akauliza mama anaendeleaje. Kengele akajibu anaendelea vizuri. Meneja akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwingiza ndani, akafunga.

Ndipo Kengele alipoamua kutunga wimbo. Usidhani alikuwa na ndoto za kuwa msanii. Alitaka mlango ufunguliwe, basi, na alikuwa amegundua kwamba katika mji ule jambo likisemwa hakuna anayegeuka, likiimbwa hata wa mbali wanasogea. Alimwambia mdogo wake siku hiyo hiyo, wakiwa wameshika shuka. "Tutamwimba mpaka aone aibu," alisema. Mdogo wake akamfikia, akamkabidhi pembe, akasema sawa.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa ajabu ajabu. Ulianza kwa kubembeleza, kama wa kumlaza mtoto, halafu bila kuomba ruhusa ukageuka gwaride. Katikati Kengele aliigiza Meneja akisalimia watu kwa sauti ya puani. Aliigiza shuka likilalamika kwamba limechoka kulaliwa na watu wasiojuana. Aliigiza taulo lililopotea likijichekea huko liliko, na kicheko chake kilikuwa cha shangazi anayejua siri ya ukoo. Aliingiza hata ule mluzi wa tundu la ufunguo, akiupiga kwa meno. Na kila baada ya kipande alirudi kwenye swali lile lile, kwa sauti ya kupanda ngazi: nani ana ufunguo? Hapo ndipo mdogo wake alipotakiwa kujibu.

Wa kurekodi alikuwa Fundi Redio, mtu mwenye kibanda cha kutengeneza redio na, nyuma ya kibanda, chumba alichokigongomelea magodoro ukutani. Alikuwa na kinanda ambacho baadhi ya vitufe vyake vilikuwa bubu, na imani kubwa. Walipatana wakutane siku ya mapumziko ya Kengele, mchana, mdogo mtu akishatoka zamu. Siku hiyo hoteli ikaleta mashuka ya ukumbi mzima wa wageni. Meneja akaongeza zamu, akaenda kula, na ufunguo ukaenda naye.

Walisubiri. Fundi akaangalia nje, akaangalia kinanda, akasema umeme wa kibanda chake haujulikani saa yake ya kukatika, waanze tu. Kengele akaanza. Alipofika kwenye swali, mikono yake ikanyooka mbele yenyewe, vidole vimebana pembe mbili za shuka ambalo halikuwepo, akanyamaza kwa urefu ambao mtu angetembea nao kutoka ncha ya pili. Hakuna aliyekuja. Akaendelea na kipande kinachofuata. Ikawa hivyo mpaka mwisho: swali, mikono, ukimya, kipande.

Fundi alitaka kuyakata yale mapengo. Alisema msikilizaji atadhani redio imeharibika, na yeye jina lake liko kwenye redio. Kengele akakataa katakata. Alimwambia mtu haendelei kuimba kabla mwenzake hajafika, kwa sababu shuka litaburuta chini na itabidi lifuliwe upya. Fundi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukunja chochote, akaona hapo hana la kubishia. Wakakubaliana mdogo mtu aje siku nyingine ajaze. Lakini alipokuwa na nafasi umeme haukuwepo, na umeme ulipokuwepo alikuwa amefungiwa.

Mtu wa kwanza kuusikia wimbo alikuwa daktari wa meno, aliyefuata redio yake. Fundi alikuwa anaujaribu kwenye spika. Swali lilipofika, mwanga mweupe wa mviringo, kama wa jukwaani, ulishuka kutoka kwenye dari mahali ambapo hapakuwa na taa, ukamwangukia daktari kuanzia nywele mpaka viatu. Mikono yake ikanyooka mbele. Akaimba, kwa sauti nzito ambayo hata mkewe alikuwa hajawahi kuisikia, kwamba yeye ndiye mwenye ufunguo, kwamba asubuhi ile aling'oa jino zima akaliacha bovu, na mgonjwa alipolalamika alimwambia maumivu ni kumbukumbu ya jino. Aliimalizia ile pumzi palepale pengo lilipoishia. Mwanga ukazimika. Daktari akaweka sawa kola yake, akauliza redio iko tayari, akaambiwa kesho. Akasema hamna shida, ila angeomba wimbo ule urudiwe.

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi aliupata kwa Fundi, akaupiga, na mji ukawa si ule tena, kwa maana ya kwamba ulikuwa ule ule ila unaimba. Msahihishaji wa mitihani akaimba mbele ya wazazi kwamba anatoa alama kwa kutazama mwandiko. Mwuza dawa akaimba kwamba vile vidonge vyekundu na vile vya njano vinatoka kopo moja. Bibi harusi, akipimwa gauni, akaimba jina la mtu mwingine kwa utulivu mkubwa, na fundi cherehani akamwomba asitikisike, pini zitamchoma. Waziri mmoja aliyekuwa akihojiwa moja kwa moja akaimba kwamba daraja alilolizindua mara tatu halijawahi kujengwa, na kwamba ule utepe anaoukata ni ule ule, huwa wanaushona. Watu waliomsikia walikubaliana kwa kauli moja kwamba hawakujua Waziri ana kifua cha namna ile.

Shirika la umeme lilituma mafundi wachunguze nani amejiunganishia mwanga. Walizunguka na ngazi zao, wakakuta hakuna waya wala mita, wakaandika kwamba hali ni ya kawaida. Washonaji walianza kuupiga wimbo ule makusudi ili wapate mwanga wa kutungia uzi.

Hakuna aliyeona aibu. Aibu iende wapi, na watu wanapiga makofi? Yule mgonjwa wa jino alikuwa mmoja wa waliopiga, kwa mkono mmoja na paja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika shavu. Jioni watu walikaa vibarazani wakiulizana: wewe umeimba nini? Kisha wakalinganisha sauti. Wale wachache ambao mwanga ulipowaangukia hawakuwa na la kuimba walionewa huruma, na baadhi yao, watu wa heshima zao, walitoka wakatafuta uovu mdogo mdogo wa kufanya ili nao wasipitwe.

Gazeti likamwita Mhakiki aeleze siri ya mvuto wa wimbo. Mhakiki, mtu mwenye miwani inayoning'inia kifuani na shingo ya kuangalia mbali, aliandika ukurasa mzima. Alisema mlango katika wimbo ni moyo wa mwanadamu, ufunguo ni upendo, na taulo ni utoto tuliopoteza. Kuhusu ule mluzi alisema ni upepo wa uhuru. Makala yale yalipendwa sana, hasa na waliosoma kichwa chake tu.

Kengele alialikwa studio. Mtangazaji akamuuliza, kwa ile sauti ya asali waliyonayo, mlango ule hasa ni nini. Kengele akajibu ni mlango wa kiwandani kwao, uko nyuma ya hospitali, una rangi ya kijani, na mdogo wake anaugua nyuma yake. Mtangazaji akacheka mpaka akagusa meza. Akawaambia wasikilizaji kwamba wasanii bwana, hawakosi majibu. Mara ya pili Kengele alijibu vilevile, wakacheka vilevile. Mara ya tatu alisema kila mtu ana mlango wake. Chumba kizima kikasimama kumpigia makofi, na yeye mwenyewe, nisimfiche, alihisi vizuri. Alijiambia kwamba anafanya kwa ajili ya mdogo wake, kwamba wimbo ukiwa mkubwa ndivyo mlango utakavyokaribia kufunguka. Alikuwa ameshajishonea kola ya mashuka yenye mikunjo, pana kuliko mabega, na kofia ya foronya iliyosimama wima kwa nguvu ya wanga. Alipopita njiani watoto walinyoosha mikono mbele na wakubwa wakapiga mluzi.

Meneja alimpa ruhusa ya kutokuja kazini mpaka atakapopenda. Alisema kiwanda kinajivunia. Picha yake aliibandika mlangoni, kwa nje, juu kidogo ya kitasa.

Mdogo mtu sasa hakuwa na wa kukunja naye. Wenzake walikuwa wawili wawili, na Meneja hakuona haja ya kuajiri mtu kwa ajili ya pembe mbili. Akapigilia msumari ukutani. Mdogo mtu alichomeka ncha za shuka kwenye msumari, akarudi nyuma, akalivuta likakaza, kisha akauendea msumari na kukunja. Hakukuwa na wa kumwita, kwa hiyo hakujibu. Ilikuwa kazi ya polepole na mvuke ule ule, na tundu la ufunguo lilipiga mluzi mara nyingi kuliko zamani. Watu waliopita nje walikuwa wanaujua wimbo, wakauitikia.

Siku moja Kengele alirudi nyumbani na maua ya watu mikono miwili, akamkuta mdogo wake amekaa kitandani ameegemea mito, jinsi wenye pumu wanavyokaa. Mdogo mtu akamuuliza kama Meneja ameusikia wimbo. Kengele akasema lazima ameusikia, nani hajausikia.

"Mbona anafunga?" aliuliza mdogo wake.

Kengele akatafuta chombo cha kuweka maua. Akasema sanaa haina haraka. Maneno hayo hayakuwa yake, aliyatoa kwa Mhakiki, na yalivyotoka mdomoni mwake hata yeye aliyasikia yana harufu ya manukato ya mtu mwingine. Mdogo wake alivuta dawa, akahesabu pumzi kimoyomoyo kama alivyozoea, akalala hivyo hivyo ameketi.

Kusema kweli Meneja alikuwa hajausikia, kwa sababu feni yake ilikuwa na kelele. Ilipoharibika akawasha redio dirishani, akatoka uwanjani kupunga upepo, na swali likamkuta pale katikati. Mwanga ulishuka mchana kweupe, mweupe kuliko jua, ukamzunguka. Akanyoosha mikono. Akaimba kwamba yeye ndiye mwenye ufunguo, uko shingoni hapa, una joto la kifua chake. Akaimba kwamba lile taulo alilichukua yeye, liko bafuni kwake, limetundikwa kwenye msumari, na asubuhi ile ile alijifutia uso. Pengo la mwisho, ambalo ndilo refu, akaimba kwamba mlango anaufunga kwa sababu akisikia kitasa kikilia ndipo anapojua kwamba yeye ni meneja. Sauti yake ilikuwa ya juu, safi, inayotetemeka mwishoni. Ndani, nyuma ya mlango, wanawake walipiga makofi kabla hawajajua wanachopigia. Mdogo mtu alisikia yote kwa sikio lililokuwa kwenye tundu. Yeye hakupiga, mikono yake ilikuwa imeshika fremu ya mlango.

Habari zilipomfikia Kengele alikimbia na kola yake mpaka ofisini. Hakubisha hodi. Alimwambia Meneja kwamba sasa amesema kwa kinywa chake mwenyewe, taulo liko kwake, sababu imekwisha, afungue.

Meneja akamwangalia kwa upole ule ule. "Hilo ni la kwenye wimbo, binti," alisema. "Hapa tuko kazini." Akauliza mama anaendeleaje, na kama ni kweli watu wanasema yeye hakuikwaruza ile sauti ya mwisho alipoimba.

Kengele akasema ndivyo wanavyosema, hakuikwaruza. Ilikuwa kweli, na ndicho kilichomtoka.

Mtangazaji naye aliposikia Meneja ameimba, akaona hapo pana tukio. Alipanga wimbo uimbwe kiwandani penyewe, mbele ya mlango wenyewe, urushwe moja kwa moja mji mzima. Jukwaa lilijengwa kwa vikapu vya nguo vilivyopinduliwa. Daktari wa meno alikuja na mgonjwa wake, wamekuwa marafiki. Waziri akakata utepe, ule ule. Mhakiki akakaa mbele kabisa na miwani yake. Fundi Redio akaleta kinanda, safi, kimefutwa vumbi, vitufe bubu vikiwa bado bubu kwa sababu mashabiki walikuwa wamevizoea hivyo.

Kengele alikuwa na ombi moja, kwamba siku hiyo mlango uwe wazi ili mdogo wake atoke, asimame naye, ajaze pengo lake. Mtangazaji akasikitika. Alisema mlango ukiwa wazi wimbo utapoteza ladha, watu wametoka makwao kuja kuuona umefungwa. Tena akaomba mashine zote ziwashwe kwa pamoja, mvuke upenye chini ya mlango, upendeze. Meneja akasema hilo halina tatizo. Kengele alifungua mdomo aseme neno, lakini walikuwa wanambana kola kwa pini, akaambiwa atulie, akatulia.

Wimbo ukaanza. Ulibembeleza, ukageuka gwaride, watu wakapiga miguu chini. Mvuke ulipenya chini ya mlango kwa wingi na kweli ulipendeza. Mluzi wa tundu la ufunguo ulianza mapema, kabla ya sehemu yake, ukawa unakuja kwa haraka haraka, na Mtangazaji akamwinulia Fundi kidole gumba akidhani ni yeye. Kengele aliigiza shuka. Aliigiza taulo, na Meneja akacheka pamoja na wengine. Kisha akapanda ile ngazi ya sauti: nani ana ufunguo?

Umati mzima ulinyoosha mikono, kila mtu na dhambi yake tayari mdomoni. Mwanga ulishuka. Ulipita juu ya Daktari, ukapita juu ya Waziri, ambaye alikuwa ameshavuta pumzi, ukampita Mhakiki na Meneja, ukaenda mpaka mlangoni, chini ya picha ya Kengele, ukajikusanya ukawa mdogo, ukakaa kwenye tundu la ufunguo. Humo ikatoka sauti nyembamba yenye mikwaruzo.

"Dada, fungua. Sina pumzi."

Ilijaza pengo lote, haikuzidi wala haikupungua. Ni urefu ambao ile sauti ilikuwa imeuzoea miaka yote ya kutembea na shuka. Mhakiki akavua miwani akafuta macho. Mwanamke mmoja akasema ah, hiyo ndiyo iliyokuwa inakosekana. Halafu makofi yakaanguka, makofi ya watu waliosimama, na kelele za rudia, rudia.

Kengele alikuwa juu ya vikapu, mikono imenyooka mbele. Aliisikia. Aliijua sauti ile kuliko mtu yeyote pale, na aliyajua maneno. Lakini mwenzake alikuwa amejibu, na mwenzio akikujibu unaendelea, ndivyo mikono ilivyojua, ndivyo koo lilivyojua. Akachukua zile pembe ambazo hazikuwepo, akaingia kipande kinachofuata. Alipouliza tena, mwanga ulikuwa bado pale pale, na tundu likasema, "Dada," basi, peke yake, na watu walilia kuliko mara ya kwanza kwa jinsi ilivyokuwa fupi.

Swali la mwisho mwanga ukahamia kwa Meneja. Aliimba kwamba ufunguo anao, na moyo anao, na kwamba atafungua zamu itakapokwisha, na machozi yalimtoka ya kweli yakalowesha kamba ya shingoni. Alipigiwa makofi marefu. Kisha zikasomwa shukrani kwa waliofanikisha, kwa Waziri, kwa shirika la umeme. Zamu ikaisha. Meneja akafungua.

Mdogo mtu alitolewa na wenzake wawili wamemshika makwapani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, nywele zimelowa, na kwenye paji la uso palikuwa na alama ya mviringo ya kitasa. Walimkalisha kwenye ngazi, akavuta hewa ya nje, akaitoa, akaivuta tena. Watu walimtupia maua. Mtoto mmoja alimletea kalamu amwandikie jina. Kengele akapenya katikati yao, kola ikikwama kwenye viwiko vya watu, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema pale, yaliyotangulia yakawa haya:

"Umeimba vizuri sana, mdogo wangu."

Mdogo wake alisubiri pumzi imtoshe.

"Sikuwa naimba, dada," alisema. "Nilikuwa nakuita."

Waliokuwa karibu wakasikia, wakaona ni msemo mzuri, wakapiga makofi tena, safari hii kwa upole, wasimchoshe.

Siku hizi redio hupiga wimbo kama ulivyorushwa siku ile, wenye jibu ndani yake. Pengo limejaa, kwa hiyo hakuna tena anayeangukiwa na mwanga ofisini wala sokoni, na Waziri ameacha kuimba, anazindua tu. Washonaji wamerudi kwenye balbu. Kengele huitwa miji ya mbali, na akifika kwenye swali bado mikono hunyooka, kisha spika zikamjibu kwa sauti ya mdogo wake, fungua, sina pumzi, na yeye akaendelea. Wanaomfahamu wanasema amekonda.

Mdogo mtu bado anakunja na msumari. Haimbi. Taulo bado liko bafuni kwa Meneja, na majirani waliokwenda kuliona wanasema kweli ni zito.

Ila mwanga haukupotea. Wimbo ukipigwa popote, hata sikukuu, hushuka mahali pamoja tu, kwenye mlango wa kijani nyuma ya hospitali, ukakaa kwenye tundu la ufunguo, mdogo, mweupe, hautikisiki. Kipindi cha asubuhi huanza nao, saa ile ile wanawake wanapoingia kazini. Meneja anaushukuru sana. Macho yake si kama zamani, na siku za mawingu alikuwa anahangaika kupapasa. Sasa ufunguo unaingia mara moja.